Gari la Mafuta ya Taa na Shuka la Mama Mkwe

Wenzangu wa karakana,

Tangu nirudi mmekuwa mkinijia mmoja mmoja. Huyu ananishika mkono nikiwa katikati ya kuranda mbao, yule ananifuata mpaka penye chai, na maswali ni yale yale mawili: je, ni kweli kigari changu kinatembea kwa mafuta ya taa, na je, ni kweli nilimwacha mke wangu barabarani nikaenda zangu na mama yake? Nimechoka kusimulia vipande vipande huku gundi inakauka. Haya ndiyo yote. Yasomeni kwa zamu, kisha mniache nifanye kazi.

Majibu mafupi ni ndiyo, na ndiyo.

Nakuru, kabla ya kuondoka

Habari za kununua na karatasi zake naziruka, hazina utamu. Lakini mlinicheka sana juu ya gari nililochagua, kwa hiyo nianze hapo.

Mnajua petroli ilivyokuwa adimu msimu ule. Lile gari kubwa la Kimarekani mlilonisifia, lenye viti kama makochi ya hoteli, lilikuwa rahisi kwa sababu hakuna aliyeweza kulinywesha. La pili lilikuwa pikapu kuukuu iliyofungwa jiko nyuma tangu siku za vita. Unawasha mkaa, unapuliza, unangoja moshi ukolee, ndipo unaondoka. Mwenyewe alijigamba kwamba haijui petroli ni nini, na alipocheka niliona masizi mpaka kwenye meno. Pikapu ile ningeichukua, nawaambia kweli, kama si macho ya mama mkwe.

Mama mkwe alikuja Nakuru kutolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili, akapona, akapewa miwani minene. Alikuwa amekaa gizani miaka mingi, tangu binti yake wa mwisho, Eseri, akiwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Sasa Eseri alikuwa anaolewa Jumamosi, kwetu Maragoli. Arusi ilikwisha kuahirishwa mara mbili kwa ajili ya matibabu hayo, na baba wa bwana arusi alisema waziwazi kwamba ikiahirishwa tena watatafuta kwingine. Mama mkwe naye hakuwa na maneno mengi. Alisema, "Nimefunguliwa macho ili nimwone mtoto wangu akitoka nyumbani. Nikimkosa, afadhali wangeniacha vile vile." Daktari alimkataza moshi na masizi, kwa hiyo treni haikufaa, na gari la mkaa halikufaa kabisa.

Ndipo nikachukua kile kidogo cha milango miwili. Hakina sura, lakini kinakunywa kidogo, na yule fundi Kalasinga anayetengeneza matrekta alikifungia tangi la pili, la mafuta ya taa, kama trekta. Chini ya usukani aliweka koki ya kugeuza huku na huku.

"Sikia, fundi," aliniambia. "Asubuhi washa na petroli. Injini ikishika moto, geuza, tembea na mafuta ya taa. Ukitaka simama, kwanza rudisha petroli, wacha ikunywe kidogo, halafu zima. Ukizima na mafuta ya taa ndani, injini ikipoa haiwezi amka. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema tena."

Nikasema tena, neno kwa neno. Niliona ni jambo jepesi. Petroli niliyopata ilikuwa kopo dogo tu la kuwashia, mafuta ya taa tele.

Jambo lililonisumbua akili lilikuwa jingine. Wengi wenu si wa kwetu, kwa hiyo niwaeleze: mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawaketi pamoja, hawali pamoja, hawashikani mkono, na akipita njiani wewe unaingia vichakani. Si uadui, ni heshima, na ukiivunja unaona aibu mpaka kwenye mifupa. Sasa mtu kama huyo unamweka wapi ndani ya gari ambalo hata mbuzi wawili wangebanana?

Mke wangu Rebeka, Mama Jairo, ndiye aliyepata dawa. Alitundika shuka jeupe nyuma ya viti vya mbele, akalikaza kwa misumari yangu mwenyewe. Mama yake nyuma, sisi mbele. Kioo cha dereva nilikigeuza kikatazama juu, nisije nikamwona kwa bahati mbaya. Alipoingia garini mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, nimeupa ukuta uso.

Nakuru hadi Njoro

Tuliondoka Ijumaa alfajiri. Injini ilishika, nikageuza koki, moshi mweupe ukatoka nyuma na gari likanuka kama kibatari. Mazungumzo yalikwenda hivi. Mama mkwe alisema nyuma ya shuka, "Mwambie mume wako gari lake ni zuri." Mke wangu alinigeukia: "Mama anasema gari ni zuri." Nami: "Mwambie asante." Naye akageuka: "Anasema asante." Wote watatu tunasema lugha moja, na tulikuwa tumekaa karibu kiasi kwamba nilikuwa nasikia miwani yake ikigonga dirisha.

Karibu na Njoro mama mkwe alikohoa, akagonga kiti.

"Mama anataka kushuka," mke wangu alisema.

Sasa fikirini. Gari lina milango miwili. Ili atoke nyuma, lazima kiti cha mbele kikunjwe na shuka lifunuliwe. Mimi nikiwa bado nimekaa pale, angenipita begani. Mwili wangu ulifanya kabla ya akili: nikasimamisha gari, nikazima, nikaruka nje, nikakimbilia upande wa pili wa barabara nikatazama shamba la ngano la mzungu kana kwamba nataka kulinunua.

Nilikuwa bado nalitazama nilipokumbuka koki.

Mama mkwe alirudi ndani, mimi nikarudi, nikavuta stata. Injini ililia, ikalia, ikanyamaza. Ikabidi nifungue kabureta, nimwage mafuta ya taa, nijaze petroli kwa mkono, huku nyuma ya shuka sauti inauliza, "Mwambie mume wako, amepoteza kitu?"

Njoro hadi Elburgon

Gari lilipowaka tena nilifurahi mno, na furaha hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilikuwa nikimweleza mke wangu jinsi nilivyoitengeneza, naye alikuwa akimweleza mama yake, mama yake akauliza kabureta ni kitu gani, na maelezo yalipokwisha kwenda na kurudi tulikuwa tumeingia Elburgon katikati ya harufu ya mbao mbichi. Safari hii nilikuwa makini. Kabla ya kusimama nilinyoosha mkono nirudishe koki kwenye petroli, nikakuta iko kwenye petroli. Ilikuwa hapo tangu Njoro. Ule mwinuko wote tulikuwa tumeupanda kwa petroli ya kuwashia, na kwenye tangi lake lilikuwa limebaki tone la kuamsha injini mara moja tu.

Nilikwenda kiwanda cha mbao kuuliza petroli. Karani aliniangalia kwa huruma. "Mzee, hapa hata bwana mkubwa siku hizi anakuja kazi na farasi."

Tulikula katika hoteli ya mbao karibu na stesheni: viazi vya kuchemsha vilivyopasuka vyenyewe, chumvi, chai yenye maziwa mengi. Viazi kama vile sijala tena. Lakini mama mkwe alikuwa amekaa ndani, kwa hiyo nilichukua sahani yangu nikatoka, nikaegemea rundo la magogo nikaupa mlango mgongo. Mwenye hoteli, mama mmoja mnene wa sauti kubwa, alinifuata.

"Wewe mzee! Viti ziko. Kwa nini unakula huko nje, chakula yangu ni mbaya?"

"Chakula ni kizuri, mama."

"Basi ingia!"

Mke wangu alikuja kuniokoa. "Mwache tu. Ni kwa sababu mama yangu iko ndani."

Mwenye hoteli alichungulia, akamwona bibi kizee mpole mwenye miwani anamenya kiazi. "Huyu? Anauma?"

Niliona aibu, lakini nilimaliza sahani, na nyingine aliniletea mwenyewe huko huko kwenye magogo, bila kuuliza tena.

Tuliwasha kwa lile tone la mwisho. Nikamwambia mke wangu, bila kuficha, kwamba tangu hapo injini isizimike mpaka tufike. Ikizima, arusi tumeikosa. Akageuka akamwambia mama yake.

Elburgon hadi Molo

Molo ilikuwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio. Malori ya viazi yalikuwa yameziba barabara, wapakizi wanarusha magunia, na mimi nimekwama katikati, mguu kwenye mafuta, injini inakohoa moshi mweupe. Nilikuwa nasikiliza injini tu. Sikuona watu wanavyotutazama.

Dereva mmoja wa lori, mtu mrefu mwenye koti la jeshi, alikuja dirishani. Alitazama shuka jeupe. Alimtazama mke wangu, ambaye uso wake ulikuwa wa mtu anayewaza petroli. Akavua kofia.

"Pole sana, mzee. Ni nani?"

"Mama mkwe," nilisema.

"Aaa, pole. Alikuwa mgonjwa?"

"Macho."

"Macho tu?" Alitikisa kichwa. "Na mnapeleka nyumbani?"

"Tunampeleka nyumbani, ndiyo. Inatakiwa tufike leo, kesho watu wanakusanyika."

Aligeuka akapiga kelele, "Toeni lori! Toeni! Hawa wako na msiba!" Magunia yaliachwa. Wapakizi wakavua kofia, mama mmoja muuza kabichi akaanza wimbo wa kanisa, na wote wakaitikia. Njia ilifunguka mbele yangu.

"Enda pole pole," dereva aliniambia. "Mimi naenda Kericho. Nitawafuata nyuma kwa heshima."

Tulikuwa tumekwisha kuuacha mji ndipo sauti ikatoka nyuma: "Binti yangu, mwambie mume wako awaambie wale watu mimi bado."

Mke wangu alicheka mpaka akalia. Mimi sikucheka, kwa sababu lori lilikuwa kweli linatufuata, taratibu, taa zimewashwa mchana.

Mlima kabla ya Mau Summit

Mvua ilianza tukiwa tunapanda. Ilikuwa mvua nyembamba ya huko juu, isiyo na kelele, inayoingia kila mahali. Lori lilibaki nyuma kwenye kona. Kigari kilipanda kwa kunung'unika, nami nilikuwa nakisemesha kama ng'ombe. Kilele kilikuwa kinaonekana. Ndipo kundi la kondoo likamwagika barabarani kutoka upande wa shamba, wamelowa, wamebanana, hawana haraka hata kidogo. Nilikanyaga breki. Mguu wa klachi ulikuwa na matope, ukateleza. Gari liliruka mara moja na injini ikazima.

Sijui kama mmewahi kusikia kimya cha namna ile. Kondoo walipita wote, mmoja akatutazama, wakaenda zao. Mke wangu alifunika uso. Nilihisi machozi yananijia, na sioni haya kuyataja. Akilini nilimwona Eseri amekaa ndani na gauni lake, na wazee wa upande wa pili wanatazama jua.

Kisha nikakumbuka maneno ya Kalasinga. Alisema injini ikipoa haiamki. Hii ilikuwa bado moto, mvuke unatoka kwenye boneti. Nikavuta stata, ikalia bure, lakini kama tungefika kileleni upesi, mteremko ungeivuta wenyewe. Lakini mvua ilikuwa inaipoza.

"Shuka, tusukume!" nilimwambia mke wangu.

Yeye alikwenda nyuma. Mimi nilifungua mlango wangu, bega kwenye nguzo ya mlango, mkono mmoja ndani umeshika usukani. Tulisukuma. Gari lilisogea kidogo, likarudi. Tukasukuma tena. Miguu iliteleza. Mke wangu alikuwa anapumua kama mtu anayetwanga.

Nilisikia kitambaa kikichanika. Misumari yangu ikaruka. Mama mkwe alitoka kwa mlango wa kushoto, peku, leso amejifunga kiunoni, akaweka bega lake kwenye nguzo ya mlango wake kama mimi nilivyoweka langu. Milango yote miwili ilikuwa wazi. Katikati yetu palikuwa na viti viwili tu, na nyuso zetu zilitazamana.

Nilitaka kuangalia chini. Nilishindwa, kwa sababu mtu anayesukuma gari lazima atazame mbele.

"Unangoja nini?" aliniambia. Mimi mwenyewe, bila kupitia kwa mtu. "Sukuma!"

Wakati huo lori likatokea kwenye kona. Dereva wetu aliona shuka limechanika na maiti yuko barabarani, peku kwenye mvua, anasukuma gari lililombeba. Nilisikia breki, kisha sauti ya mtu mzima akimwita Yesu. Hakushuka.

Gari lilifika kileleni. Pua ikainama. Lilianza kukimbia, nikaruka ndani, na mama mkwe, ambaye angeachwa, akaruka ndani pia, akaanguka kwenye kiti cha mbele kando yangu. Nikaachia klachi. Injini ilikohoa. Ikakohoa tena. Ikashika.

Nilipiga kelele za furaha, nikanyoosha mkono kwenye swichi kwa mazoea, nisimame nimchukue mke wangu.

"Usizime!" alisema mama mkwe, akanipiga mkono.

Mau Summit hadi nyumbani

Hivyo ndivyo nilivyomwacha mke wangu barabarani. Nilisimama kwenye tambarare ya Mau Summit, mguu kwenye mafuta, tukamngoja. Mama mkwe alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya leso. Alipoivaa alinitazama kwa muda.

"Kumbe una mvi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Siku zote nilidhani Rebeka ameolewa na kijana." Akatazama barabara. "Utaniletea blanketi. Zito. Hili la leo linataka blanketi."

"Nitaleta, mama." Kwetu ndivyo aibu ya namna hiyo inavyofutwa, na nilishukuru kwamba ameitaja yeye.

Lori lilikuja na mke wangu amekaa juu karibu na dereva, amelowa, anacheka. Dereva alishuka, akatuzunguka kwa mbali, kofia mkononi, asijue aivae au aishike.

"Niliuliza bibi yako, maiti ni nani," aliniambia. "Akasema ni mama yake, na ameenda mbele na gari."

Mama mkwe alimpa mkono dirishani. Dereva aliushika kwa vidole viwili, akauachia upesi. Lakini ni yeye huyo huyo aliyetangulia mbele yetu, na tulipoingia Kericho alikwisha kutuombea chupa ya petroli kwa mwenzake wa lori la majani ya chai. Sikumuuliza jina, na bado najilaumu kwa hilo.

Mke wangu aliketi nyuma. "Nyinyi mmekwisha kuharibu," alisema, "kaeni hapo hapo." Shuka lilifunika magoti ya mama mkwe kwa ajili ya baridi. Tuliteremka Kericho kwenye mvua, tukafika joto la Kisumu tukiwa tumeloa upande mmoja na kukauka upande mwingine, na tulipanda Maragoli taa za kwanza zinawashwa majumbani. Nilirudisha koki kwenye petroli, nikangoja inywe kidogo, nikazima. Nilikaa pale nimeweka kichwa kwenye usukani, watu wanapiga vigelegele nje, na nilikuwa sina nguvu ya kufungua mlango.

Jumamosi, na kurudi

Arusi ilikwenda. Wale wazee wa upande wa pili walifika mapema, wakala vizuri, hakuna aliyetaja kuahirisha. Ila jambo moja nilitaka mlijue.

Kabla ya kwenda kanisani Eseri, aliyekuwa amefungiwa ndani kwa desturi tangu jana yake, alitolewa nje asimame mbele ya mama yake. Mama mkwe alimshika uso kwa mikono miwili, akausogeza karibu na miwani, akautazama pole pole, kama mimi ninavyotazama ubao kabla ya kuukata. Kidole chake kikasimama juu ya nyusi.

"Hii ni nini?"

"Ni kovu, mama. Nilianguka kisimani. Zamani."

"Nani alikufunga kidonda?"

"Nilijifunga mwenyewe."

"Hamkuniambia."

"Hukuwa unaona, mama. Ungehangaika bure."

Mama mkwe alilibusu lile kovu, akalia, na Eseri akalia, na mimi nilikuwa mbali kwenye migomba, mahali pangu pa desturi, nikalia huko.

Jumatatu, wakati wa kuondoka, nilileta blanketi. Tulisema kwaheri kwa mbali, kama inavyopasa. Heshima ilirudi mahali pake, na nadhani sote wawili tulifurahi kuirudia.

Sasa mnaniuliza: ninunue la namna hiyo? Nunueni. Kinakunywa kidogo, na mafuta ya taa kinayameza bila kulalamika. Ila jifunzeni koki kabla ya kujifunza usukani, na kama mtabeba mkwe, tafuteni lenye milango minne.

Nilipowasha Jumatatu ile, nilikumbuka kioo kilikuwa bado kinatazama juu. Nilikirudisha mahali pake. Ndani yake mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya barabara, blanketi jipya mabegani, miwani inang'aa. Hakupunga mkono. Alikuwa anatutazama tu, na aliendelea kututazama mpaka kwenye kona.